Limiti swichi zinakufa kila mara kwenye geti la silo: nihamie proksimiti?

Swali. Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda cha kusaga na kufungasha unga wa mahindi, Morogoro. Chini ya silo tuna geti la bati la stenlesi linalosukumwa na silinda ya hewa. Limiti swichi mbili (swichi zenye mkono unaosukumwa na geti) zinaiambia PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mitambo, kama geti limefunguka au limefungwa. Zinakufa mno, nikifunga mpya haimalizi msimu. Bosi anataka tung'oe limiti zote kiwandani tuweke proksimiti, yaani sensa zinazotambua chuma bila kukigusa. Nimejaribu moja ya waya tatu niliyonunua Kariakoo: nikiisogezea spana taa yake inawaka, lakini PLC haioni kitu. Halafu stoo kuna boksi la proksimiti za waya mbili zilizotolewa kwenye mashine ya zamani. Je, zinafaa?

Jibu. Marahaba, fundi. Kwa geti hilo, ndiyo, weka proksimiti. Kwa kiwanda kizima, mwambie bosi asubiri, nitaeleza sababu huko chini. Ila kabla hujang'oa chochote, kusanya zile limiti zilizokufa (natumaini hamjazitupa), fungua vifuniko vyake juu ya meza uone zimekufa na nini. Mara nyingi sababu inaonekana kwa macho, na usipoiondoa itakuja kuila na hiyo proksimiti.

Ukikuta mkono umepinda au kijigurudumu kimepasuka, kosa liko kwenye ufungaji. Mkono wa limiti una mwendo wa kuifikisha swichi mahali inapobadilika, halafu una ziada kidogo baada ya hapo. Ziada ikiisha, mkono unagota ndani, na kuanzia hapo nguvu ya silinda yote inaingia kwenye ekseli ndogo isiyozidi kidole. Piga hesabu: silinda yenye kipenyo cha milimita 63, kwa hewa ya bar 6, inasukuma karibu niutoni 1,870, sawa na uzito wa kilo 190. Hakuna limiti iliyotengenezwa kulizuia geti. Kazi hiyo ni ya kizuizi cha chuma kilichochomelewa kwenye fremu, na limiti inatakiwa ikanyagwe pembeni na kipande chenye mteremko mpole, usiozidi nyuzi 30, ili kijigurudumu kipande taratibu badala ya kupigwa ngumi ya uso.

Ukikuta unga ndani, angalia waya uliingilia wapi. Nikiingia kiwanda cha nafaka nakuta hadithi ileile: waya unaingia kwa juu, glandi (kile kibano kinachoziba tundu la waya) ni kubwa kuliko waya, mtu kaizungushia tepu ya umeme. Unga unapenya polepole, unyevu wa asubuhi unaulowesha, joto la mchana linaukausha, na ukishafanya hivyo kwa wiki kadhaa unakuwa mgumu kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Springi haina nguvu ya kuupasua. IP67 iliyoandikwa kwenye kibati maana yake vumbi haliingii kabisa, na swichi inavumilia kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Lakini hiyo ni swichi yenye kifuniko kilichokazwa, gasketi mahali pake na glandi inayolingana na waya. Glandi ikiwa wazi, IP67 inabaki maandishi. Elekeza tundu la waya chini, na waya ukikaribia kuingia uache ulegee kidogo kwa chini ili maji yadondokee hapo.

Kuna kifo cha tatu ambacho mafundi wengi hawakiamini: ndani pasafi, mkono mzima, ukibonyeza inalia tiki, ila PLC mara inaona, mara haioni. Pointi za limiti nyingi ni za fedha, na zimekusudiwa kubeba koili ya kontakta, ile swichi kubwa ya sumaku inayowasha mota. Kontakta inapokatwa inatoa cheche, na cheche hiyo ndiyo inayoyachoma yale magamba meusi yanayojijenga juu ya fedha. PLC inavuta miliampea chache tu kwa volti 24. Hapo hakuna cheche ya kusafisha, magamba yanakua, na siku moja mguso unakataa. Kwa PLC unanunua limiti yenye pointi zilizopakwa dhahabu, au unaachana na pointi kabisa.

Sasa proksimiti. Ile ya kutambua chuma ina koili kwenye kichwa chake inayotengeneza uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi. Chuma kikikaribia, mikondo midogo inazunguka ndani yake na kuifyonza nguvu ya ule uga, saketi inahisi hivyo na kubadili hali. Haigusani na kitu, haina springi, na unga ukijaa usoni haiujali kwa kuwa unga si chuma. Ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1958 na kampuni ya Pepperl+Fuchs ya Mannheim, Ujerumani, kwa ajili ya kiwanda cha kemikali ambacho pointi zake zilikuwa zikisumbua kwenye mazingira yenye hatari ya mlipuko. Kwa hiyo shida yako ina undugu na shida iliyoizaa.

Lakini kuna jambo nataka likukae kichwani kuliko kingine chochote nitakachoandika hapa. Proksimiti haijui geti ni nini. Inajua kwamba mbele yangu kuna chuma, basi. Kazi yako wewe fundi ni kuhakikisha kwamba "mbele yangu kuna chuma" na "geti limefunguka" ni habari moja, na kujiuliza kila mara itakuwaje siku habari hizo mbili zitakapoachana.

Mfano uko palepale kwenye silinda yako. Duka likikushauri vizuri litakwambia: usihangaike na breketi, nunua vile visensa vya sumaku vinavyobanwa kwenye mwili wa silinda, pistoni yenye sumaku ikifika vinawaka. Ni kweli ni rahisi, ilimradi pistoni yako iwe ya aina yenye sumaku, na kwenye mashine nyingi nimevitumia bila wasiwasi. Ila vinakueleza habari za pistoni. Kati ya pistoni na geti kuna pini. Pini ikikatika, pistoni itaenda na kurudi kwa raha zake, PLC itaona geti linafunguka na kufunga vizuri kabisa, na unga utaendelea kumwagika. Kwa geti la silo mimi nafunga sensa kwenye geti lenyewe.

Umbali ndio unaowaponza wengi. Chukua proksimiti ya M18 (yenye uzi wa kipenyo cha milimita 18), ile ambayo kichwa chake kinaweza kukaa usawa na chuma kinachoishika. Ya kawaida imeandikwa Sn 5 mm, Sn ikiwa ni umbali wake wa kutambua. Fundi anaiweka milimita 5 kutoka kwenye geti, inawaka akiwa na spana mkononi, anaondoka; kesho geti likicheza kidogo inazima. Hiyo 5 ni namba ya maabara, imepimwa kwa kipande cha mraba cha chuma cha kawaida chenye unene wa milimita 1. Kiwango cha IEC 60947-5-2 kinamruhusu mtengenezaji kupishana, halafu joto na volti navyo vinachukua fungu lao, kwa hiyo umbali wa kuaminika ni asilimia 81 ya Sn. Kwa M18 hiyo ni milimita 4 na nukta. Geti lako ni stenlesi, na stenlesi kwa makadirio inapunguza hadi asilimia 70. Umebaki na milimita 2.8. Lingekuwa la alumini, ambayo huangukia kama asilimia 40, ungebaki na milimita 1.6, na geti linalotikisika haliwezi kulindwa kwa nafasi ya namna hiyo.

Dawa yake ni rahisi: fungia kwenye geti, upande wa nje usiogusana na unga, kipande cha chuma cha kawaida. Kwa M18 kisipungue mraba wa milimita 18, maana kikiwa kidogo kuliko kichwa cha sensa umbali unapungua tena. Kisha panga kipite mbele ya uso wa sensa kwa ubavu, kisiujie kwa kichwa. Kikija kwa kichwa, siku kizuizi kitakapolegea geti litaponda uso wa plastiki na umenunua sensa nyingine. Weka pengo la milimita 2 kwa fila geji (vibati vya kupimia pengo), kaza nati kwa kiasi, usiikamue. Uzi wa M18 unaharibika kirahisi kuliko unavyodhani. Ukipata aina yenye kichwa kilichotokeza, umbali wake ni mkubwa zaidi, milimita 8 kwa M18, lakini hiyo inaona na pembeni pia: iache bila chuma chochote mbele yake kwa umbali wa angalau mara 3 ya Sn, mbali na kile inachokitafuta.

Ukiweza, chukua zenye plagi ya M12 badala ya zenye waya uliotoka nao kiwandani. Sensa ikifa usiku, opereta anafungua plagi na kuweka nyingine bila kukuamsha.

Tuje kwenye ile ya Kariakoo. Taa inawaka, PLC haioni. Nina hakika ya karibu yote kwamba umenunua sensa ya aina ya NPN na PLC yako inataka aina ya PNP. Waya tatu kwa kawaida ni hivi: kahawia ni chanya, bluu ni hasi, mweusi ndio unaobeba habari. Sensa ya PNP ikiona chuma inatoa chanya kwenye waya mweusi. Ya NPN inauvuta waya mweusi kwenye hasi. Taa zote mbili zinawaka sawasawa kwa sababu taa iko ndani, upande wa sensa, haina habari na kinachoendelea kwenye PLC.

Hakikisha kwa mita. Chomoa waya mweusi kwenye PLC, acha kahawia na bluu kwenye volti 24. Sogeza spana mbele ya sensa, pima kati ya mweusi na bluu: ukipata karibu 24, ni PNP. Ukipata karibu sifuri, pima kati ya kahawia na mweusi spana ikiwa bado pale: ukikuta karibu 24, hiyo ni NPN. Kisha angalia kadi ya ingizo ya PLC, kile kituo cha COM (cha pamoja kwa maingizo yote ya kundi) kimeungwa wapi. Kama COM imekwenda kwenye hasi, kadi inasubiri chanya, yaani PNP. Kama COM iko kwenye chanya, inasubiri NPN. Usiamini maneno ya kwenye kitabu hapo, watengenezaji hawakubaliani nani aitwe mtoaji na nani mpokeaji, fuata mchoro.

Pengine unajiuliza mbona limiti zilikuwa zikifanya kazi bila haya yote. Limiti ni pointi mbili zinazogusana, hazijali umeme unatoka upande upi. Sensa ya elektroniki ina upande.

Suluhisho bora ni kurudi dukani ukachukua PNP. Kadi nyingi zinakubali COM iungwe upande wowote, lakini kundi zima la kituo hicho lazima lifuate, kwa hiyo usigeuze COM kwa ajili ya sensa moja halafu nyingine saba zikazima. Rilei ndogo katikati nayo inafaa, geti ni la polepole. Utakutana na mtu atakayekushauri uweke rezista kutoka chanya kwenda kwenye waya mweusi, ukiuachia waya huohuo kwenye PLC. Itafanya kazi, tena kinyumenyume: ON itakuwa OFF, jambo unaloweza kurekebisha kwenye programu. Usifanye. Siku waya wa sensa utakapokatwa na panya, rezista itaendelea kuipa PLC chanya, na PLC itasoma hali iliyotulia kabisa huku sensa haipo.

Hiyo pia ndiyo sababu mimi nikianza mradi upya nachagua PNP. Fremu ya mashine imeungwa ardhi, na kwenye paneli nyingi hasi ya volti 24 nayo imeungwa ardhi. Waya mweusi wa NPN ukichubuka na kugusa fremu, PLC inaona ON ya uongo. Wa PNP ukigusa fremu unasoma OFF, na sensa ikijaribu kuwaka inakutana na shoti, ulinzi wake wa ndani unaikata. Kati ya sensa inayonyamaza na sensa inayodanganya, mimi nitaishi na inayonyamaza.

Kwenye programu weka mambo matatu, hayachukui hata saa. Ukiamuru geti lifunguke, sensa ya "limefungwa" lazima izime ndani ya sekunde moja hivi. Isipozima, ama geti limekwama ama sensa imeganda ON. Sensa ya "limefunguka" iwake ndani ya muda mara mbili ya ule wa kawaida, isipowaka piga alamu. Na zote mbili zikiwaka kwa pamoja, simamisha, hakuna geti lililo wazi na limefungwa kwa wakati mmoja. Limiti zako za zamani zingekuwa na haya, ungeanza kuziona zinaugua kabla hazijafa.

Sasa kwa nini bosi asing'oe zote. Kwenye vifuniko vya skrubu ya kusafirishia unga na milango ya mashine, kuna swichi zinazokata mota mtu akifungua. Hizo ziache. Proksimiti ya kawaida inaweza kufa ikiwa imeshikilia ON, na opereta mwenye haraka anaihadaa kwa sarafu na tepu. Swichi ya mlango wa usalama ina alama ya duara lenye mshale ndani: maana yake pointi zake zinatenganishwa kwa nguvu na mkono wenyewe, hata zikiwa zimegandana kwa joto. Hakuna springi ya kutegemewa hapo. Zipo sensa za kisasa za usalama zisizogusana, zenye msimbo na rilei yake maalumu, lakini ni bidhaa nyingine na bei nyingine. Vivyo hivyo limiti ya mwisho wa safari kwenye winchi: iwe NC (pointi zinazogusana muda wote mpaka mkono usukumwe), ikate koili ya kontakta moja kwa moja bila kupitia PLC, ili waya ukikatika winchi isimame.

Na mifuko kwenye mkanda msijaribu kuihesabu kwa hizi proksimiti, hazioni karatasi wala plastiki. Pale weka sensa ya mwanga, ya kichwa cha kurusha upande mmoja na cha kupokea upande wa pili. Kwenye vumbi ndiyo inayostahimili kuliko zile zinazotegemea mwanga uliorudi kutoka kwenye mfuko. Mfundishe opereta kufuta vioo kila zamu.

La uzito zaidi ni vumbi lenyewe. Unga ukitanda hewani ndani ya silo au eleveta ya vikombe unaweza kulipuka kwa cheche ndogo, na IP67 haina uhusiano wowote na hilo. Sensa inayoingia maeneo hayo iwe na alama ya Ex, na kwenye alama hiyo tafuta herufi D, ya vumbi. Jambo hili liamuliwe na mtu mwenye sifa ya maeneo hatarishi, si fundi wa zamu. Ukipata nafasi hiyo, pendekeza na sensa ya mwendo kwenye puli ya chini ya eleveta, inayohesabu boliti zikipita. Mkanda ukianza kuteleza mapigo yanapungua na unazima mota kabla msuguano haujazaa moto.

Nimalizie na boksi lako la stoo. Soma kibati cha kila moja kwanza, na usiiunge yoyote ya waya mbili moja kwa moja kwenye chanya na hasi bila mzigo, utaiunguza hapohapo. Waya mbili maana yake sensa inajilisha kwa mkondo uleule unaopita kwenye mzigo. Ikiwa imezima bado inavuja, hadi miliampea 1.5 kwa za DC, na ikiwaka inakula volti kadhaa, kiwango kinaruhusu hadi 8. Kadi ya PLC yenye usikivu mkubwa inaweza kuuhesabu uvujaji huo kuwa ON. Kadi za aina ya 3 kwenye kiwango cha IEC 61131-2 zimeundwa kuuvumilia. Kama yako si hiyo, mimi nisingehangaika nazo kwa geti. Zile zilizoandikwa volti 20 hadi 250 AC zirudishe kwenye boksi.

Ila ukikuta zimeandikwa 8.2 V, ambazo aghalabu waya wake ni wa bluu, usizitupe wala usiziguse na volti 24. Hizo ni za mfumo wa NAMUR. Zinafanya kazi na kikuza-ishara kinachokaa kwenye paneli, nje ya eneo la vumbi: bila chuma zinavuta zaidi ya miliampea 2.1, zikiona chuma zinashuka chini ya 1.2, na waya ukikatika mkondo unakuwa sifuri, hali ambayo kikuza-ishara kinaitambua na kuitangaza kama hitilafu. Zikiwa nzima na zina alama za Ex, muulize bosi kama mashine ile ya zamani iliacha na vikuza-ishara vyake. Bei ya sensa moja ya namna hiyo na kikuza-ishara chake ikiwa mpya itamfanya akutafutie funguo za stoo yeye mwenyewe.